Kupima mfumo wa ubunifu Nyanda za Juu Kusini: njia nne, na ipi ikufae

Kila mpango mkakati wa halmashauri unapoandikwa upya Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, kuna sehemu ya sayansi, teknolojia na ubunifu inayotakiwa kujazwa, na aliyepewa kalamu hukwama hapo. Taasisi za kutaja anazo. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, siku hizi TARI Uyole. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kupanda hadi chuo kikuu mwaka 2012. Kuna kituo cha NIMR Mbeya kinachofanya utafiti wa tiba, kuna SIDO ya viwanda vidogo, VETA ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vikuu vya Iringa. Upande wa uzalishaji kuna mpunga wa Mbarali na Kyela, chai ya Rungwe na Mufindi, viazi na parachichi za Njombe, miti ya Sao Hill, karatasi ya Mgololo. Lakini ukiulizwa kama hivi vyote vinafanya kazi pamoja kama mfumo mmoja wa ubunifu, na kwa kiasi gani, majina hayatoshi. Inabidi kupima.

Njia za kupima ziko kadhaa, na zote zina watu wanaozitetea kwa nguvu. Shida ninayoiona mara nyingi ni kwamba mtu huchukua njia aliyoizoea, au ile ambayo ripoti yake tayari iko mkononi, kisha anaitaka ijibu swali ambalo haikutengenezwa kulijibu. Hapa nimeweka nne ambazo kwa kweli zinaweza kutumika huku kwetu: kusoma faharisi za kimataifa (ripoti zinazozipa nchi alama na kuzipanga kwa nafasi), kufanya dodoso la viashiria, kufanya mapitio ya mfumo kwa mahojiano na warsha, na kufuatilia teknolojia moja kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

Vigezo kwanza

Kabla ya kuzilinganisha, tukubaliane tunaangalia nini.

Cha kwanza ni uamuzi utakaofanywa na majibu. Kama hakuna uamuzi, hakuna haja ya kupima. Halmashauri inayotaka kujua ipeleke wapi mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ina swali tofauti na wizara inayotaka kujua nchi imesimama wapi mbele ya majirani.

Cha pili ni nani anaonekana na nani anaachwa nje. Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu huku kwetu sehemu kubwa ya ubunifu hufanyika kwa watu wasio na barua yenye nembo: fundi wa kuchomelea, mzalishaji wa miche, mwenye duka la pembejeo, kikundi cha akina mama wanaosindika.

Vingine ni gharama na muda, kisha kama kipimo kinaweza kurudiwa baada ya miaka kadhaa na kulinganishwa, na mwisho nani ataiamini ripoti ikishatoka.

Njia ya kwanza: kusoma faharisi za kimataifa

*Swali inalojibu.* Nchi yetu iko wapi ikilinganishwa na nyingine? Inayojulikana zaidi ni Faharisi ya Ubunifu Duniani ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, faharisi iliyoanza mwaka 2007. Inakusanya takriban viashiria 80 kwa nchi 130 na ushee na kuvigawa pande mbili. Upande mmoja ni vinavyoingia: taasisi, watu na utafiti, miundombinu, masoko, uwezo wa kampuni. Upande wa pili ni vinavyotoka: maarifa na teknolojia, na kazi za kibunifu. Kwangu faida yake kubwa iko kwenye huo mgawanyo. Nchi ambayo vinavyotoka vyake ni vingi kuliko inavyotarajiwa kwa vinavyoingia ilivyo navyo inatumia vizuri kidogo ilichonacho, na hilo linafaa kujadiliwa kuliko namba ya nafasi.

*Gharama na muda.* Karibu bure. Mtu mmoja mwenye intaneti na utulivu wa siku chache anatosha.

*Nani anaonekana.* Taifa zima, kwa jumla. Mkoa wa Mbeya, wenye watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022, haumo. Njombe haimo. Tena baadhi ya data za nchi zetu huwa za miaka mingi nyuma au hazipo kabisa. Mfano ni matumizi ya utafiti na maendeleo: nchi za Umoja wa Afrika ziliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwenye kikao cha Khartoum mwaka 2006 na kulirudia Addis Ababa mwaka uliofuata, lakini takwimu ya Tanzania inayozunguka kwenye ripoti za kimataifa, takriban nusu ya asilimia, ni ya mwaka 2013. Mtu anayeichukua leo kupanga bajeti ya kesho anapanga kwa picha ya zamani.

*Kurudiwa na kuaminika.* Hutolewa kila mwaka, kwa hiyo inarudiwa bila wewe kufanya lolote. Ila nafasi ya nchi inaweza kupanda au kushuka kwa sababu viashiria vimebadilishwa, au nchi nyingine zimeongezwa, wakati nyumbani hakuna kilichobadilika. Soma alama na viashiria vyenyewe, nafasi iache mwisho. Wizarani na kwa wafadhili inaaminika. Kwenye baraza la madiwani haitamsogeza mtu.

*Inamfaa nani.* Mbunge, mwandishi wa habari, mhadhiri anayeandaa utangulizi wa mada, mtu wa sera za kitaifa.

Njia ya pili: dodoso la viashiria

*Swali inalojibu.* Ni kiasi gani? Watafiti wangapi, fedha kiasi gani, kampuni ngapi zimeleta bidhaa au namna mpya ya kufanya kazi katika miaka mitatu iliyopita?

Kanuni zake zipo na ni za muda mrefu. Mwongozo wa Frascati wa OECD (jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi zilizoendelea kiuchumi), uliotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na kuhuishwa mwaka 2015, unaeleza namna ya kuhesabu utafiti. Kazi ihesabiwe kuwa utafiti ikiwa ina jambo jipya, ina ubunifu, matokeo yake hayajulikani kabla, inafanywa kwa utaratibu, na inaweza kurudiwa au kuhamishwa. Mwongozo wa Oslo, uliotoka mwaka 1992 na toleo lake la nne mwaka 2018, unashughulikia ubunifu ndani ya kampuni. Afrika nayo ilianzisha mpango wake wa viashiria vya sayansi, teknolojia na ubunifu mwaka 2007, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kushiriki. Kwa hiyo anayetaka kufanya dodoso la mkoa hana haja ya kubuni maswali upya. Achukue yaliyopo, ayapunguze, ayaweke kwa Kiswahili kinachoeleweka.

*Gharama na muda.* Ni nzito. Unahitaji orodha ya kuchukulia sampuli, wadadisi waliofundishwa, usafiri wa kwenda Ludewa na Chunya, mtu wa kuchambua data. Ukitaka matokeo yaitwe takwimu rasmi, Ofisi ya Taifa ya Takwimu lazima ihusike tangu mwanzo.

*Nani anaonekana.* Hapa ndipo pa kusimama kidogo.

Katika karakana moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, mdadisi kijana anamuuliza fundi mwenye mvi: "Mzee, shikamoo. Hapa mna kitengo cha utafiti na maendeleo?" Fundi anaitikia, anafuta mikono, anajibu: "Utafiti wa nini tena, mwanangu? Sisi hapa tunachomelea." Kwenye karatasi inaandikwa hapana, na dodoso linaruka hadi ukurasa wa mwisho. Nyuma yake imesimama mashine ya kupukuchua mahindi ambayo ameigeuza ipure maharage. Kwenye ngoma amefunga puli kubwa zaidi ili izunguke polepole, kwa sababu kwa mwendo wa mahindi maharage yanapasuka, na maharage yaliyopasuka hayafai kwa mbegu na sokoni yanashushwa bei. Chekeche amekata jipya kwa kipimo cha punje. Alijaribu matundu ya ukubwa mbalimbali, akatupa yasiyofaa, na wateja wamenunua. Kwa maana ya Oslo huo ni ubunifu kamili: bidhaa iliyoboreshwa kwa kiasi kikubwa na kufikishwa kwa watumiaji. Haihitaji kuwa mpya duniani, inatosha kuwa mpya kwa aliyeitengeneza.

Swali lilikuwa baya, hilo linarekebishika. Muulize: katika miaka mitatu iliyopita umebadilisha nini kwenye mashine unazouza, na nani alikuomba? Lakini kuna tatizo la pili lililo gumu zaidi. Madodoso ya aina hii kwa kawaida huchukua biashara zenye wafanyakazi kuanzia 10. Karakana nyingi za Mwanjelwa, Makambako au Mafinga hazifiki hapo, na nyingi hazimo kwenye orodha yoyote. Anayefanya dodoso huku asipoanza kwa kutembea mtaa kwa mtaa na kuandika orodha yake mwenyewe, atapima viwanda vichache na kuuita huo mkoa. SIDO na ofisi za biashara za halmashauri ni mahali pa kuanzia. Orodha za walioshiriki MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, nazo zinasaidia, ingawa zina wale tu waliojitokeza.

Upande wa vyuo na vituo kuna mitego miwili. Mmoja ni kuhesabu vichwa. Mhadhiri anayefundisha siku nne na kufanya utafiti siku moja si mtafiti mzima kwa hesabu ya Frascati, ni sehemu moja kati ya tano ya mtafiti. Chuo kikitaja wahadhiri wote kama watafiti, namba inavimba. Mwingine ni fedha za miradi. Frascati inahesabu utafiti mahali unapofanyika, hata kama mlipaji yuko nje ya nchi, na hiyo ni haki kabisa. Lakini utafiti wa tiba hutegemea sana miradi mikubwa ya kimataifa, na mradi mmoja ukianza Mbeya takwimu ya mkoa inapaa, ukiisha inaporomoka. Ndiyo maana jedwali la fedha liwe na safu ya chanzo: serikali, chuo chenyewe, kampuni za ndani, wa nje. Safu hiyo moja ndiyo inayoonyesha kama mfumo una miguu yake.

*Kurudiwa na kuaminika.* Hapa dodoso linazipita njia zote tatu nyingine, mradi maswali yasibadilishwe ovyo. Ukifanya mwaka huu na baada ya miaka mitano, una mstari. Wachumi na watu wa mipango wataikubali.

*Inamfaa nani.* Sekretarieti ya mkoa yenye bajeti na nia ya kurudia, chuo kikuu chenye idara ya takwimu, COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na washirika wake. Asiye na uhakika wa kurudia afikirie mara mbili, maana dodoso la mara moja ni gharama kubwa kwa picha moja.

Njia ya tatu: mapitio ya mfumo kwa mahojiano na warsha

*Swali inalojibu.* Nani anazungumza na nani, na wapi kiungo kimekatika? Njia hii inatokana na wazo lililoenea tangu miaka ya 1980, kwamba teknolojia haitoki maabara moja kwenda sokoni kwa mstari ulionyooka. Inategemea mahusiano ya watafiti, wazalishaji, wenye fedha, wanaofundisha na wanaoweka kanuni. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, imefanya mapitio ya namna hii kwa Ghana (2011), Rwanda (2017), Uganda (2020), na kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, Zambia (2022). Ni nchi kwa nchi, lakini muundo wake unaweza kushushwa hadi kanda.

*Gharama na muda.* Ya kati. Timu ya watu wachache, miezi kadhaa, mahojiano kwenye taasisi, kisha warsha ya kuhakiki. Ukumbi, chai na posho ndivyo vinavyokula bajeti.

*Nani anaonekana.* Wenye ofisi. Wakuu wa taasisi wanazungumza vizuri na wanaijua lugha ya sera. Mkulima wa viazi kutoka kijiji cha Njombe akikaa nao meza moja, mara nyingi anasikiliza tu. Dawa yake ni kuwahoji wazalishaji kwanza, kwao, kabla ya warsha, na kuyaleta maneno yao mezani yakiwa yameandikwa.

Namna ya kuuliza nayo ni nusu ya kazi. Ukiuliza taasisi mbili kama zinashirikiana, zote zitasema ndiyo, na zitakuonyesha hati ya makubaliano iliyosainiwa. Uliza vitu vyenye tarehe. Mara ya mwisho kiwanda kilimwita mhandisi wa chuo ilikuwa lini, kwa tatizo gani, na nani alilipa? Ni wanafunzi wangapi wa mwaka jana walifanya mradi wa mwisho kwa tatizo lililoletwa na biashara? Mtafiti wa Uyole akitaka majaribio kwenye mashamba ya wakulima wa Mbozi, afisa ugani anapata wapi mafuta ya pikipiki? Majibu ya maswali hayo yanaonyesha kiungo kilicho hai na kile kilichobaki kwenye karatasi.

*Kurudiwa na kuaminika.* Kurudia ni kugumu, kwa kuwa inategemea nani alihojiwa na nani aliuliza. Lakini watu walioshiriki huwa wanaikubali ripoti kuliko ile iliyotoka juu, na mara nyingine mazungumzo ya warsha yenyewe hufungua mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka. Hatari yake ni kutoa mapendekezo mengi yasiyo na mwenyewe. Kila pendekezo liandikiwe ofisi itakayolibeba. Lisilo na ofisi lifutwe.

*Inamfaa nani.* Mkoa, au mikoa kadhaa kwa pamoja, inayoandaa mkakati. Shirika linalotaka kuanzisha kitovu cha ubunifu Iringa au Mbeya na linahitaji kujua tayari kuna nani. Chuo kinachopitia upya mitaala.

Njia ya nne: kufuatilia teknolojia moja

*Swali inalojibu.* Kitu hiki kilipitaje mfumo, na kilikwama wapi? Unachagua teknolojia moja, unaanzia shambani au sokoni, unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ilikozaliwa. Kila inapobadilisha mikono unauliza: nani alimpa nani, nani alilipa, kanuni gani ilihusika, ilichukua muda gani, na nini kilipotea njiani.

Mfano ninaoupenda ni wa mbegu mbili za Uyole, kwa sababu zimetoka kwa watafiti wa kituo kimoja na njia zake hazifanani kabisa. Moja ni mahindi chotara UH6303. Nyingine ni maharage ya Njano Uyole, yaliyotolewa mwaka 2008. Mahindi chotara ukirudia kupanda ulichovuna, msimu wa pili mimea haifanani na mavuno yanashuka, kwa hiyo mkulima anarudi dukani kila mwaka. Kampuni ina sababu ya kuzalisha, kufungasha na kutangaza. Maharage hujichavusha yenyewe. Mkulima akitenga debe moja la mavuno, msimu ujao anapanda mbegu ile ile, na jirani anakuja kuomba kibaba, na shangazi wa Ileje anabeba kidogo akirudi kwake. Kampuni haioni biashara ya kudumu hapo.

Sasa mtu akipima kwa mauzo ya mbegu iliyothibitishwa, atasema mahindi yamefanikiwa na maharage yamelala. Akifuatilia kuanzia sokoni atakuta maharage ya njano yamesambaa vijijini bila risiti. Atakuta pia tatizo la kweli lililojificha: mbegu inayopita mikono mingi huchanganyika na kubeba magonjwa, na mkulima hana pa kuburudisha mbegu yake kwa bei anayoimudu. Hapo ndipo utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora unapoingia, ambapo wakulima waliofundishwa wanazalisha mbegu kwa ajili ya eneo lao chini ya ukaguzi wenye masharti mepesi kuliko ya mbegu iliyothibitishwa. Ukishafika hapo una swali la kuipeleka halmashauri: wazalishaji wa mbegu hizo wako wangapi wilayani, na nani anawakagua? Ni swali linalojibika, na lina bajeti ndogo.

Viazi vinatoa somo jingine. Fuatilia gunia la viazi kutoka Njombe, utaanza na mbegu bora na kuishia kwenye lumbesa. Mnunuzi anataka gunia lishonewe kilemba juu, bei ni ya gunia, na uzito uliozidi ni wa mkulima kupoteza. Kwa namna hiyo ya kuuza, aliyenunua mbegu safi na kuvuna viazi vya daraja zuri anapata karibu sawa na jirani yake asiyenunua. Wakala wa Vipimo na halmashauri wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka. Hakuna faharisi yenye kiashiria cha lumbesa, na ni nadra dodoso la ubunifu kuuliza habari za magunia, lakini kipimo cha gunia kinaweza kuzima teknolojia iliyogharimu watafiti miaka ya kazi.

*Gharama na muda.* Ndogo hadi ya kati. Watu wawili, wiki chache, nauli za basi na bodaboda, daftari. Inahitaji anayejua kusikiliza na anayeweza kuamka alfajiri kwenda sokoni.

*Nani anaonekana.* Wale ambao njia nyingine zinawaacha: dalali, mwenye duka la pembejeo, mama anayehifadhi mbegu, fundi. Wasioonekana ni wote walio nje ya teknolojia uliyoichagua. Ukifuatilia mbegu hutajua lolote kuhusu programu za kompyuta za vijana wa Iringa au majiko wanayotengeneza mafundi.

*Kurudiwa na kuaminika.* Inarudiwa kwa shida, na mwanatakwimu atakuambia kisa kimoja si ushahidi wa mfumo mzima. Ana haki. Tena ni rahisi kuchagua kisa kizuri na kutoka na ripoti ya sifa tupu. Kwa hiyo nashauri mbili kila mara: moja iliyofika na moja iliyokwama, za sekta ile ile. Tofauti yao ndiyo inayosema. Madiwani na wakulima wanaielewa ripoti ya aina hii bila kufafanuliwa, kwa kuwa inataja vitu wanavyovishika.

*Inamfaa nani.* Halmashauri yenye fedha kidogo, mwanafunzi wa uzamili, kituo cha utafiti kinachotaka kujua kazi zake zinaishia wapi.

Zikiwekwa pamoja

Kwa gharama, faharisi ndiyo nyepesi, ikifuatiwa na kufuatilia teknolojia, kisha mapitio, na dodoso juu kabisa. Kwa kurudiwa, dodoso na faharisi zina nguvu, mbili nyingine ni dhaifu. Kwa kuwaona watu wasio na ofisi mpangilio unageuka: kufuatilia kunaongoza, dodoso linafuata likiwa na orodha nzuri, mapitio yanategemea nani alialikwa, na faharisi haiwaoni. Zinaweza kuunganishwa, na mara nyingi inafaa ziunganishwe. Ila anza na ile inayojibu uamuzi ulio mezani, usianze na zote nne kwa mpigo.

Kulingana na hali yako

Afisa mipango wa wilaya mwenye muda mfupi na bajeti ya nauli: fuatilia teknolojia mbili za zao kubwa la wilaya yako, na uziambatanishe na orodha ya karakana na wazalishaji wa mbegu uliowatembelea. Kama mpango mkakati unahitaji aya kuhusu hali ya nchi, ichukue kwenye faharisi na uandike mwaka wa data.

Mkoa unaotaka kujua miaka mitano ijayo kama umesogea: dodoso, hata likiwa dogo. Afadhali maswali 15 yatakayorudiwa kuliko 80 yasiyorudiwa. Chukua karakana zenye wafanyakazi chini ya 10 na uziweke kwenye jedwali lake peke yake, ili matokeo ya kampuni kubwa yabaki yanalinganishika na ya kwingine.

Shirika au mfadhili anayeamua kati ya kitovu cha vijana, karakana ya pamoja au mfuko wa mikopo: mapitio, kwa maswali yenye tarehe, ukianza na wazalishaji. Kama majibu yote yanaelekea kwenye jambo moja, mfano ukosefu wa mahali pa kupima ubora wa bidhaa, lifuatilie jambo hilo kwa njia ya nne kabla ya kutoa fedha.

Mhadhiri au mwanafunzi: kama una msimamizi wa takwimu na data ya taasisi iko wazi, sehemu moja ya dodoso inatosha kwa tasnifu, kwa mfano muda halisi wa utafiti wa wahadhiri wa fani moja. Kama huna, fuatilia. Omba vibali mapema, wa chuo na wa ofisi ya mkoa, na ujitambulishe kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kumhoji mtu yeyote.

Mbunge au mwandishi wa habari anayetaka kuiuliza serikali: soma faharisi pande zake mbili, chukua kiashiria kimoja ambacho nchi yetu imeshuka kwa miaka kadhaa mfululizo, na uhakikishe kushuka huko hakutokani na data kukosekana. Kisha nenda Uyole, MUST au karakana yoyote ya karibu ukaulize kiashiria hicho kinafananaje pale.

Kituo cha utafiti kinachotakiwa kuonyesha mchango wake kwa jamii: anzia sokoni na urudi nyuma, na mmoja wa wanaofuatilia asiwe mtumishi wa kituo.